Video zako haziangaliwi? Tafuta kwanza zimekwama wapi

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, dada mbona naposti kila siku na watu hawaji, vyuu (yaani mara video ilizoangaliwa) 14, vyuu 20, na nusu yao ni mimi na ndugu zangu. Jamani hili swali halina jibu moja, na mtu akikujibu hapohapo kabla hata hajaona simu yako ujue anabahatisha. Ni sawa na maji kukatika nyumbani, huwezi kuanza kununua koki mpya wakati hujui kama mtaa mzima hauna maji au ni kwako tu, unaanzia kwenye mita huko nje unafuata bomba taratibu mpaka unafika palipopasuka. Video nayo mtazamaji anapotelea sehemu moja kati ya nne: ama haonyeshwi kabisa, ama anaonyeshwa habonyezi, ama anabonyeza anakimbia, ama anaangalia vizuri tu na harudi tena. Na kila sehemu ina dawa yake, dawa ya hii ukiipeleka kule unaharibu.

Mimi nipo YouTube, napika mapishi ya pwani, kwahiyo nitaongelea huko na mifano yangu itakuwa ya jikoni, ila hata kama wewe ni wa kuku wa kienyeji au ushonaji mambo ni yaleyale. Kitu cha kwanza pakua app ya YouTube Studio, ni ya bure, fungua sehemu ya takwimu. Bila hiyo tutakuwa tunapiga ramli.

Video haionyeshwi kwa watu

Dalili: impresheni ziko chini sana. Impresheni ni mara ambazo thambneili yako, ile picha ya jalada la video, imetokea mbele ya mtu ndani ya YouTube, na haihesabiwi mpaka angalau nusu yake ionekane kwenye kioo kwa zaidi ya sekunde moja. Zile linki unazotuma kwenye magrupu ya WhatsApp hazimo kwenye hesabu hii, kwahiyo usishangae kuona vyuu vipo na impresheni hamna, hao umewaleta kwa mkono.

Angalia kwanza vitu vidogo. Video iko wazi kwa wote au uliiacha binafsi? Imewekewa kizuizi cha umri? Na hili naomba ulisome taratibu kwasababu nimelikuta kwa watu wengi mno: wakati wa kupandisha video unaulizwa kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Mtu anafikiri, mimi situkani, video yangu hata mtoto anaweza kuangalia, anabonyeza ndiyo. Sivyo! Pale unaulizwa kama walengwa wako ni watoto, sio kama video ina adabu. Ukisema ndiyo komenti zinafungwa, notifikesheni haziendi kwa waliokusabskraibu, na zile video za kupendekeza mwishoni huwezi kuziweka. Hii ilianza January 2020 kutokana na sheria ya Marekani ya faragha ya watoto mtandaoni. Kuna dada alikaa miezi anaamini amefungiwa kimyakimya, analia kabisa, kumbe ni kibonyezo hicho tu, na chaneli nzima ilikuwa imewekwa hivyo kwenye mipangilio. Tulibadilisha komenti zikafunguka siku hiyohiyo.

Kama hapo pako sawa basi shida inaweza kuwa maneno. Chaneli changa haina historia, mfumo haujui video zako umpelekee nani, hivyo mlango mrahisi kwako ni mtu anayetafuta kitu kwa kukiandika. Sasa nani anaandika "Jumapili yangu jikoni"? Hakuna. Watu wanaandika shida zao. Mimi mwanzo vichwa vyangu vilikuwa vizuri kama mashairi na havikuwa na faida yoyote, siku nilipoandika "Jinsi ya kupika vitumbua visivyonyonya mafuta" ndo nikaanza kuona watu nisiowajua. Fanya hivi, fungua YouTube bila kuingia kwenye akaunti yako, andika neno moja tu la kitu chako na usimalizie, yale yanayojitokeza chini ni maneno ambayo watu wanayatafuta kweli. Yaandike kwenye daftari.

Na sisi waswahili tuna jambo letu hapa, kitu kimoja majina matatu. Huku kwetu maandazi, Mombasa mahamri, na hata ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba ni kitu kilekile atakukatalia maana kwake andazi ni lingine na hamri lina tui na iliki. Kwahiyo amua unaongea na nani kwenye kichwa, jina la pili liweke kwenye maelezo na ulitamke ndani ya video. Usirundike majina yote kwenye kichwa mpaka hakisomeki.

Inaonyeshwa lakini hawabonyezi

Hapa impresheni zipo nyingi, asilimia ya wanaobonyeza ndo ndogo. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwahiyo ukiwa na 4 usijione umefeli. Na video yenye siku chache au yenye vyuu chini ya 100 usiihukumu, namba zake zinaruka ruka tu. Kitu kingine cha kujua, video ikianza kusukumwa kwa watu wengi zaidi asilimia huwa inashuka, kwasababu mwanzo ilionyeshwa kwa wanaokupenda na sasa inaonyeshwa kwa wasiokujua. Nimeona watu wanabadilisha thambneili kwa hofu wakati video ndo kwanza inapanda.

Ila kama siku zinapita na asilimia iko chini kweli, tatizo ni thambneili au kichwa, au vyote. Chukua simu, tena ile ya kioo kidogo, toka nje juani, angalia thambneili yako ikiwa imejipanga na za wengine. Unaona nini ndani ya sekunde moja? Thambneili yangu ya kwanza ya vitumbua ilikuwa na sura yangu nacheka, sahani, maua, jina la chaneli, jina la chakula kwa herufi za kukoroga na namba ya simu kwa wanaotaka kuagiza. Kwenye kompyuta ilipendeza. Kwenye simu ilikuwa kama kanga iliyokunjwa, rangi tu. Nikaitoa nikaweka kitumbua kimoja kikubwa kimevunjwa katikati, matundu yanaonekana ndani, mvuke unatoka, na maneno mawili tu: MATUNDU HAYA. Mwanamke yeyote ambaye vitumbua vyake vinatoka vigumu kama sabuni anajua hapo anaambiwa nini, na hao ndo niliokuwa nawataka.

Kona ya chini kulia usiweke neno maana saa ya video inakaa hapohapo inalifunika. Ukubwa ni 1280 kwa 720. Neno la kwenye picha lisirudie kichwa, viwili hivyo visaidiane, kichwa kinasema ni nini na picha inaonyesha matokeo. Kama una nafasi ya kutumia kompyuta kuna sehemu ya kujaribu thambneili mpaka 3 kwa wakati mmoja, YouTube wanawagawia watazamaji tofauti tofauti halafu wanakuonyesha ipi ilifanya watu waangalie zaidi, tumia hiyo badala ya kuuliza ndugu zako ipi nzuri.

Na usidanganye. Kuweka picha ya msanii analia wakati ndani unapika pilau kutakuletea kubonyezwa, halafu utaingia kwenye tatizo linalofuata na hilo ni baya zaidi.

Wanabonyeza, halafu wanaondoka

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndo wengi hawataki kuangalia kwa sababu inauma. YouTube tangu 2012 walihama kutoka kuhesabu nani kabonyeza wakaanza kuangalia mtu amekaa mda gani, kwahiyo mtu akibonyeza akatoka hajakusaidia.

Fungua video moja kwenye Studio utaona mstari wa watu wanaobaki kuangalia, unaanzia juu unashuka. Kushuka ni kawaida, kila video inashuka hata ya mwenye mamilioni. Wewe angalia umbo. Ukianguka kama mtu katumbukia shimoni ndani ya sekunde 30 za mwanzo, maana yake walichoahidiwa kwenye thambneili hawakukiona, au umewachelewesha. Ukiwa na shimo katikati halafu ukapanda tena watu wanaruka kipande hicho. Ukiwa na kilima, watu wanarudi nyuma kuangalia mara ya pili, hapo pana dhahabu.

Nikuonyeshe yangu. Video ya vitumbua, ilikuwa dakika 11. Nilianza na wimbo na jina la chaneli linazunguka, halafu assalam aleikum wapendwa hamjambo karibuni tena katika chaneli yetu, halafu kama ndo mara yako ya kwanza usisahau kusabskraibu na kugonga kengele, halafu naonyesha mahitaji kimoja kimoja, mchele huu hapa, sukari hii hapa, hamira hii hapa. Mpaka naweka chuma jikoni ilikuwa imefika dakika ya kwanza na sekunde kumi, na mstari ulikuwa umeshaanguka wote, waliobaki ni wachache. Lakini mbele huko dakika ya saba kulikuwa na kilima, nikarudi kuangalia pale kuna nini, nikakuta ni pale nageuza kitumbua kwa kijiti, kinazunguka ndani ya tundu lake upande wa chini unakuja juu una rangi ya dhahabu. Sekunde nne tu! Watu walikuwa wanarudia hapo kujua mkono unakaaje.

Video iliyofuata nikaanza na hapohapo. Kijiti, kitumbua kinageuka, sauti yangu inasema leo nakuonyesha kwanini vyako havigeuki hivi, ni tui lako zito na unga hukuusubiri uumuke. Salamu nikaifupisha ikaja baadae. Mahitaji nikayaandika kwenye maelezo na kwenye video nikayataja huku nachanganya. Mstari ulishuka lakini ulishuka kama mteremko wa baiskeli, sio korongo. Watu walisema nimepunguza adabu kwa kutoanza na salamu, wawili watatu, nikawaelewa na salamu nikairudisha ila kwa sekunde mbili, hamjambo, tuanze. Inatosha, na heshima ipo.

Kuna jambo lingine ambalo mafundisho mengi ya wazungu hayalisemi. Mtazamaji wetu analipia bando. Mtu kanunua bando la jero, anaangalia video yako kwa 240p, ubora wa chini, ili lisikate, kila sekunde unayosimama unatafuta kijiko ni hela yake inaondoka. Kata vipande vya kusubiri. Mchele unaloweka usiku mzima, sawa, sema mara moja onyesha kesho yake. Usirefushe video ili upate masaa ya kuangaliwa, mtu akiondoka hayo masaa hamna. Na kwasababu wengi wanaangalia kwa ubora mdogo, maandishi yako ndani ya video yawe makubwa, kipimo cha robo kijiko kikiandikwa kwa herufi ndogo hawakioni wanaanza kukuuliza kwenye komenti, na wengine hawaulizi wanaondoka.

Sauti. Mtu anavumilia picha yenye giza kidogo, havumilii sauti ya kusikia kwa shida. Feni, mafuta yanachemka, jenereta la jirani, na simu iko mita mbili kutoka mdomoni, hapo unaongea na nani? Kama huna hela ya maiki ya kubana kwenye nguo, rekodi picha kwanza halafu ingia chumbani chenye godoro na nguo nyingi, funga dirisha, ongea juu ya picha ukiwa umeshika simu karibu. Ndo nilivyofanya mwaka mzima. Mwanga nao, dirisha liwe mbele yako au ubavuni, kamwe lisiwe nyuma yako.

Na kama unaona walioangalia dakika za kwanza kabisa wanalalamika picha ina ukungu, sio kamera. Video ikishapanda YouTube wanatoa kwanza ubora mdogo, ule mkubwa unakuja baadae baada ya kuchakatwa. Pandisha mapema iwe binafsi au ipangie saa ya kutoka, iache iive.

Wanaangalia vizuri, ila hawarudi

Nenda kwenye sehemu ya hadhira, angalia wapya na wanaorudi. Kama wanaorudi hawaongezeki miezi inapita, sababu kubwa huwa mbili.

Ya kwanza ni kuchanganya mambo. Jumatatu pilau, Jumatano umbea wa wasanii, Ijumaa harusi ya dada. Kila video inaleta watu wake na hao hawana haja na nyingine. Rafiki yangu wa chaneli ya kuku video yake ya sendoff ya mdogo wake ilipata watu wengi kuliko zote, akafurahi, baada ya hapo akaweka ya chanjo ya kideri siku ya saba, na ile ya gumboro siku ya kumi na nne, ikalala kabisa. Hakufungiwa. Walikuja watu wa sendoff, wakaonyeshwa vifaranga, wakapita. Ilimchukua mda kuwarudisha wafugaji, na kilichosaidia ni kutulia kwenye kuku tu na kuweka video kama mfululizo, ya banda, ya joto la vifaranga, ya chanjo, kila moja mwishoni inakupeleka kwenye inayofuata. Zile video za mwishoni zinakaa kati ya sekunde 5 na 20 za mwisho, ziache nafasi, usimalize kwa kwaheri ndefu maana mtu akisikia kwaheri anatoka.

Ya pili ni nisabskraibu nikusabskraibu. Naomba tuambiane ukweli kama ndugu. Niliingia kwenye grupu la namna hiyo, kila usiku watu mia wanabadilishana linki, wiki moja namba ikapanda nikajiona nimefika. Video iliyofuata ikaenda kwa hao hao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anataka vitumbua, hawakubonyeza, na waliobonyeza walitoka. Mfumo ukisoma hivyo unaona hata wanaokufuata hawakutaki. Halafu ni kinyume na masharti ya YouTube, namba hizo zinaweza kufutwa na chaneli ikaingia matatani. Kununua ni vilevile. Watu 80 wanaopika ni bora kuliko 3,000 wa kubadilishana.

Dawa yake nzuri niliyoiona ni komenti. Mtu akikuuliza swali, huyo amekupa video. Kuna mama alinitafuta kutoka Muscat, akasema mwanangu huku mda wa kuloweka mchele sina, unga wa dukani unafaa? Nikamjibu pale pale, shikamoo mama, nitakujaribia. Nilijaribu mara tatu ndo ukakubali, kwa tui la vuguvugu na kuumuka mda mrefu kidogo. Video ile imeniletea watu wa Oman na wa Ulaya ambao shida yao ni moja na ya yule mama, na wanarudi mpaka leo.

Zilikuwa zinapanda, ghafla zimeshuka

Kabla hujaogopa linganisha na mwezi wa mwaka jana, sio na wiki iliyopita. Kwenye mapishi Ramadhani inapandisha kila kitu na ikiisha inashuka, hiyo sio adhabu. Na ukitaka kuvuna msimu huo video za futari zitoke wiki mbili tatu kabla mwezi haujaandama, ukiweka tarehe kumi ya mfungo wenzako wameshakaa juu. Angalia pia kama kuna dai la hakimiliki, wimbo wa Bongo Fleva uliouweka nyuma unaweza kufanya video izuiwe nchi fulani au mapato yaende kwa mwenye wimbo. Ndani ya Studio kuna maktaba ya muziki wa bure, tumia huo.

Masaa hayasogei, au yanarudi nyuma

Hii ni kwa wanaosubiri kulipwa na YouTube, masaa ni yale ambayo watu wameangalia video zako. Hatua ya mwanzo ni sabskraiba 500, video 3 za wazi ndani ya siku 90 na masaa 3,000, na ya kupata pesa za matangazo ni sabskraiba 1,000 na masaa 4,000, yote masaa ya miezi 12 iliyopita. Ndo maana yanashuka, video yako iliyowaka mwaka jana mwezi kama huu inatoka kwenye hesabu siku hadi siku. Ukifuta video au ukaifanya binafsi masaa yake yanaondoka nayo, kwahiyo ile mbaya ya zamani unayoionea aibu iache ilivyo, badilisha thambneili na kichwa tu.

Na kama una vyuu vingi ila masaa yako palepale, angalia umeshikaje simu. Tangu tarehe 15 October 2024 video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 inahesabiwa ni Shorts, yaani zile video fupi, na mda unaoangaliwa kule kwenye mkondo wa Shorts hauingii kwenye masaa 4,000, una njia yake ya vyuu milioni 10 ndani ya siku 90. Kijana mmoja wa ushonaji alikuwa anaweka vipande vya dakika mbili na nusu vya kukata sketi ya solo, simu imesimama wima, miezi minne anashangaa. Tulichofanya ni kulaza simu, akaifunga na kamba juu ya meza ya kukatia kitambaa kionekane chote, akarekodi mkato mzima mpaka kiuno, na vile vifupi akaviacha viwe vya kuonjesha, kila kimoja kimeunganishwa na video yake ndefu.